Waridi Chini ya Jina

Kila tarehe 7 Agosti watu huja na maua kwenye bustani ya kumbukumbu jijini Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Hapo ndipo ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu mwaka 1998. Waliouawa Nairobi siku hiyo ni 213, na majina yao yameandikwa ukutani. Ukienda kuyapiga picha maua hayo, nakuomba jambo moja kabla ya yote: usiyaguse.

Kishawishi nakijua. Mwaka mmoja nilisogeza waridi upana wa kiganja tu, likae katikati ya picha. Picha ikatoka nzuri. Nilipoitazama nyumbani ndipo nikagundua kwamba nimelitoa chini ya jina moja na kuliweka chini ya jingine. Mtu alikuwa amelichagua jina lile. Picha hiyo sijaionyesha popote.

Basi sogea wewe. Piga magoti, inama, zunguka. Agosti ni msimu wa baridi Nairobi na asubuhi mawingu hutanda. Shukuru, maana mwanga wake ni mpole na kila petali huonekana. Jua la saa sita likitoka, petali za juu huunguzwa na za chini humezwa na kivuli.

Kinachowashinda wengi ni rangi. Kamera ikielekezwa kwenye jiwe jeusi hudhani pana giza, ikaongeza mwanga, na waridi jeupe likabaki kama kipande cha karatasi. Punguza mwanga hatua moja, utaiona mikunjo. Waridi jekundu ni gumu zaidi: wekundu hujaa kwenye kamera kabla ya rangi nyingine, na ua zima huwa doa. Usiridhike na grafu ya mwanga wa jumla. Tazama ya nyekundu peke yake. Nailoni ya shada ikimeremeta, zungusha filta ya polaraiza, au hama hatua mbili.

Kadi zilizoandikwa kwa mkono naziacha nje ya fokasi, isipokuwa mwenyewe akiwa amesimama pale na kuniruhusu.

Halafu rudi kesho yake. Wapigapicha wengine wameshaondoka, kingo za petali zimeanza kugeuka kahawia, na uzi uliofungia mashina bado umekaza fundo lilelile.