Mwenye Bando Apange Saa ya Kusasisha

Kabanga, upande wa Kasulu, ina hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, kwa hiyo wanaotegemea kompyuta ni wengi: wakufunzi, wanachuo wenye ripoti za mafunzo kwa vitendo, wenye steshenari wanaochapa na kutoa kopi. Wengi huwasha hotspoti ya simu, laptopu ikavuta data humo. Windows ikiona Wi-Fi, mara nyingi huichukulia kama intaneti isiyo na kikomo na kuanza kupakua masasisho kimyakimya. Toleo jipya zima huweza kula gigabaiti 3 au zaidi. Aliyenunua gigabaiti moja ili atume maombi ya kazi huletewa ujumbe kwamba bando limekwisha kabla hajaambatanisha vyeti.

Mwaka 2016 jambo hilo liliwafika walinzi wa wanyamapori wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliokuwa wakitumia intaneti ya satelaiti, ghali na ya polepole. Laptopu zao zilianza kupakua Windows 10 bila kuombwa. Hofu yao haikuwa ya fedha tu: kompyuta hizo ndizo zilizowaongoza askari porini dhidi ya majangili wenye silaha. Mwaka huohuo Teri Goldstein, mwenye wakala wa safari huko California, alilipwa na Microsoft dola 10,000 baada ya kompyuta yake ya kazini kuvurugwa na toleo hilo.

Malalamiko hayakupotea bure. Tangu 2019 hata mwenye Windows ya nyumbani anaweza kusimamisha masasisho siku 7 kwa mkupuo, hadi siku 35. Lakini kwa mtu wa hotspoti, swichi yenye faida kubwa zaidi iko kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ndani ya jina la mtandao anaoutumia: hapo huiarifu kompyuta kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi husubiri. Simu ya Android inayovuta data kwa simu nyingine ina swichi kama hiyo.

Ipo pia sehemu ya kutaja saa za kazi, tuseme saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, ili kompyuta isijizime na kujiwasha katikati ya kazi. Umeme nao uangaliwe. Hadi 2022 Kasulu iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Gridi ya taifa imefika, ila umeme ukikatika sasisho likiwa katikati, mfumo unaweza kugoma kuwaka. Betri ijazwe kwanza.

Kuzima masasisho kabisa ni jambo jingine, na ni hatari. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama la Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapitia tundu lilelile kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, kikaenea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kuchelewesha wiki moja au mbili, hadi siku ya kununua bando kubwa, kunatosha.

Chuo au ofisi yenye kompyuta nyingi ina nafuu ambayo wengi hawaijui. Katika mipangilio ya masasisho ya Windows 10 na 11, msimamizi anaweza kuruhusu kompyuta zigawiane faili zilizokwisha kupakuliwa. Moja ikivuta kutoka intaneti, nyingine huchukua sehemu kubwa kwake kupitia mtandao wa ndani, na chumba kizima hakilipii mzigo uleule mara ishirini.