Kabla ya kuongeza spika, soma omu

Msimu wa harusi ukianza, mimi huulizwa swali lile lile: amplifaya ina wati tele, mbona yazima taarabu ikikolea? Nami hujibu: geuza spika, usome omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Spika moja ya omu 8 ni mzigo mwepesi. Ukiunga mbili chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, omu hushuka hadi 4. Zikiwa nne, hadi 2. Omu zikishuka, mkondo wa umeme huzidi na mashine huchemka. Ikiwa nyuma ya amplifaya imeandikwa isishuke omu 4, basi kila upande ni spika mbili tu. Ya tatu huweza kuiunguza, na harusi ya watu ikabaki kimya.