UNAUZA FITINGI ZA MABOMBA ONLINE? ULIZA SWALI HILI KABLA HUJATUMA MZIGO

Mteja kaona nipo zako za GI kwenye status, kauliza bei, kalipa, mzigo umepanda basi. Kila mtu kafurahi. Baada ya muda anakutumia picha: maungio yamejaa kutu, maji yanavuja, ukuta umelowa. Chini ya picha kaandika, "Umeniuzia feki."

Huenda nipo haikuwa feki. Huenda fundi aliifunga moja kwa moja kwenye bomba la kopa, na wewe hukumuuliza mteja anaifunga wapi.

KWA NINI INALIKA?

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, zinakuwa betri ndogo. Ni kama betri ya kawaida ya tochi: umeme unatoka, huku zinki ya ndani ikiliwa taratibu. GI ni chuma kilichopakwa zinki. Ikikutana na kopa, zinki inaliwa kwanza, ikiisha chuma kinafuata. Kopa inabaki nzima.

Maji ya moto na maji ya chumvi yanaharakisha mambo. Kwa hiyo wateja wa pwani, wenye visima vya maji ya chumvi na wanaofunga hita, kuwa nao makini zaidi.

Jingine: nipo moja ndogo ya GI kwenye mfumo mzima wa kopa ndiyo inayoisha haraka zaidi, maana inabeba mzigo wote peke yake.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivalisha meli ya HMS Alarm mabati ya kopa upande wa chini, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ilipokuja kukaguliwa, misumari ya chuma ilikuwa imelika vibaya. Lakini pale ambapo karatasi ya kahawia ilibaki katikati ya kopa na msumari, msumari ulikuwa mzima. Karatasi tu! Siri ni hiyo: zisigusane.

MUULIZE MTEJA HAYA

1. Bomba lako ni la nini? Kama hajui, ajaribu sumaku. GI inashika, kopa na brasi hazishiki. Au akutumie picha.
2. Upande wa pili unaunganisha na nini?
3. Ni maji ya moto au ya baridi? Ya kisima au ya bomba?

CHA KUMSHAURI

✅ Yunioni ya kutenganisha, ile yenye washa ya mpira na kola ya plastiki ndani. Metali mbili zinaungana bila kugusana.

✅ Kipande cha PPR katikati. Kama ni maji ya moto, mpe PPR ya maji ya moto, siyo ya baridi.

✅ Maji yapite kwenye GI kwanza, ndipo yaingie kwenye kopa. Yakianzia kwenye kopa, yanabeba chembe zake hadi kwenye GI na kuanza kuitoboa kwa ndani.

⚠️ Valvu ya brasi katikati ni afadhali kuliko kuunganisha kopa na GI moja kwa moja, ila siyo dawa kamili.

❌ Tepu nyeupe peke yake haitoshi. Inazuia kuvuja, lakini nyuzi zinaikata wakati wa kukaza, na metali zinagusana palepale.

MUHIMU: kuna nyumba ambazo bomba la chuma limetumika kama ethi ya umeme. Ukiweka plastiki katikati, ethi inakatika. Mwambie mteja amwite fundi umeme aangalie kwanza. Hapa ni suala la uhai.

KWENYE BIASHARA YAKO

Kwenye kila posti andika fitingi ni ya metali gani. "Nipo nusu inchi" haitoshi. Andika "Nipo nusu inchi, GI, usifunge moja kwa moja kwenye kopa." Weka na yunioni ya kutenganisha kwenye stoo. Aliyekuja kununua nipo moja ataondoka na vitu viwili, na hatarudi na picha ya kutu.

Mtumie posti hii mwenzako anayeuza vifaa vya bomba. Anaweza kuwa anarudisha hela za watu kwa kosa ambalo siyo lake.