Migingo: Mwamba Una Mwenyewe, Ugomvi Uko Majini

Kila wavuvi wa Kenya wanapokamatwa kwenye Ziwa Victoria, simu zetu huku ughaibuni hujaa video na hasira, na swali huwa lilelile: kisiwa cha Migingo ni cha nani?

Kwenye ramani jibu lipo. Waingereza waliuchora mpaka wa Kenya na Uganda mwaka 1926, ukapita visiwa vya Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta na Sumba. Katiba ya Uganda ya 1995 inautaja mpaka huohuo, kisiwa baada ya kisiwa. Upimaji wa 2009 uliikuta Migingo mita 510 ndani ya Kenya. Hata Rais Museveni, Mei mwaka huo, alikubali kwamba mwamba ni wa Kenya. Alichoshikilia ni kwamba maji ni ya Uganda.

Na kweli, ugomvi wenyewe uko majini. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Tanzania ina karibu nusu, Uganda zaidi ya asilimia 40. Na sehemu kubwa ya fungu letu dogo ni Ghuba ya Winam, pale mbele ya Kisumu: maji ya kina kifupi, yenye tope, ambayo magugumaji huyafunika na kuziba njia za mashua. Mbuta (sangara), samaki anayegombaniwa, hayapendi maji hayo. Anataka kina na hewa ya kutosha, kwa hiyo mvuvi wa Sori au Muhuru Bay hana budi kumfuata kwenye ziwa la wazi, na huko akitupa nyavu mwendo mfupi kupita Migingo, keshavuka mpaka.

Mbuta mwenyewe si wa asili ya ziwa hili. Alitiwa humo miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wengi wa asili, na kufikia miaka ya 1980 akawa utajiri. Viwanda vya Kisumu vilikata minofu yake kwa ajili ya Ulaya. Mashua zikaongezeka, samaki wakapungua, baadhi ya viwanda vikafungwa. Mwaka 2004, huku samaki wakizidi kuadimika, Uganda ilileta polisi Migingo, ikapandisha bendera na kuanza kutoza wavuvi. Mwaka 2009 hasira zilifika hadi Kibera, vijana wakang'oa reli inayopeleka mizigo Uganda. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kusaka uvuvi haramu upande wake wa ziwa, na wavuvi wa Uganda wenyewe wamelalamikia ukali wake.

Tusisahau pia kwamba Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda ya mkoloni mpaka 1902, na kwamba mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Ndiyo maana bendera moja juu ya jiwe lisilofika ekari moja inatutia hofu inayopita ukubwa wake.

Lakini bei ya samaki anayegombaniwa haipangwi Kampala wala Nairobi. Mabondo ya mbuta, yale yanayomwezesha kuelea, huuzwa Hong Kong na China kwa bei inayopita kwa mbali ile ya mnofu, na bei hiyo humtia mvuvi ujasiri wa kuvuka mstari. Wakati huohuo tilapia waliogandishwa kutoka China wanauzwa Kisumu kwa bei ambayo mama anayeuza ngege, tilapia wa ziwani, hawezi kuifikia. Rais Uhuru Kenyatta alitaka kuwazuia mwaka 2018, wakaendelea kuingia. Majirani wawili wanakamatana ziwani, na faida kubwa ya samaki wao inavunwa mbali.

Kwa maoni yangu, kudai mwamba peke yake ni kupoteza muda. Nchi zetu tatu zina Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria tangu 1994, na makao yake yako Jinja. Lipewe nguvu ya kutoa leseni moja inayomruhusu mvuvi aliyesajiliwa kwenye kikundi chake cha usimamizi wa ufuo (BMU) kufuata samaki umbali uliokubaliwa ng'ambo ya mpaka, na adhabu ya nyavu haramu iwe moja kwa wote, Mkenya, Mganda au Mtanzania. Wewe unayesambaza video hizo kutoka Minneapolis au Doha, mwandikie mbunge wako kuhusu leseni hiyo kabla ya kumwandikia kuhusu bendera.