Hita ya gesi hemani: joto la usiku na hatari isiyo na harufu

KATIKA kambi ya Barafu, iliyo takriban mita 4,670 kutoka usawa wa bahari kwenye upande wa kusini mashariki wa Mlima Kilimanjaro, maji yanayoachwa nje ya hema jioni huweza kuganda kabla ya alfajiri. Wapanda mlima hufika hapo mchana, hula mapema na kujilaza kwa saa chache, kisha huamshwa karibu na usiku wa manane ili waanze safari ya kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Saa hizo chache ndizo zinazowatesa wengi. Baridi hupenya kutoka ardhini, upepo hupiga turubai, na usingizi hauji.

Ndipo linapojitokeza wazo ambalo kwa mtu anayetetemeka huonekana la busara kabisa: kuingiza moto ndani ya hema. Marekani na Ulaya wako wawindaji na wavuvi wa kwenye maziwa yaliyoganda ambao kwa miaka mingi wametumia hita ndogo zinazochoma gesi ya propani kutoka katika mtungi unaobebeka kwa mkono. Hapa Kilimanjaro baadhi ya kampuni za utalii hutangaza hema la chakula lenye joto, na mgeni aliyezoea kifaa hicho kwao huuliza kwa nini asiwe nacho katika hema lake la kulala. Lakini hatari kubwa zaidi haiko kwa mgeni. Iko katika hema la jiko na hema la kulia chakula, ambamo wapishi na wapagazi hulala wakiwa wengi, mavazi yao mara nyingi hafifu kuliko ya wageni wao, na jiko la gesi likiwa hatua moja kutoka walipojilaza. Kuliwasha tena "kwa dakika kumi tu" ili kuondoa baridi ni kishawishi kikubwa.

Ili kuelewa ubaya wa dakika hizo, yafaa kuangalia moto wenyewe unakula nini. Hita ndogo ya propani yenye nguvu ya takriban kilowati 1.2, ambayo ni ya kiwango cha chini madukani, huchoma kama gramu 90 za gesi kwa saa. Kuchoma kiasi hicho kunahitaji karibu lita 250 za oksijeni. Hema la watu wawili lenye ujazo wa mita 2 lina takriban lita 420 za oksijeni, tena hapo ni pwani. Kule Barafu, ambako mgandamizo wa hewa haufikii asilimia 60 ya ule wa usawa wa bahari, oksijeni iliyomo katika hema hilo hilo ni kidogo zaidi ya nusu ya hiyo. Ni kweli kwamba hema si chupa. Hewa huingia na kutoka. Hata hivyo, mtu mwenye baridi hufunga zipu zote, na turubai lililolowa na kuganda hupitisha hewa kidogo sana.

Oksijeni inapopungua, moto haufi mara moja. Hubadilika. Gesi iliyopata hewa ya kutosha hutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Iliyokosa hewa hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu wala ladha, na isiyowasha macho. Hapa wengi hujidanganya. Harufu kali inayosikika mtungi unapovuja ni kiungo kilichowekwa makusudi na wauzaji ili uvujaji ujulikane. Gesi inapokwisha kuungua, harufu hiyo nayo huungua. Pua haiwezi kumwonya mtu juu ya sumu inayotoka katika moto wenyewe.

Kaboni monoksaidi hushikamana na hemoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi. Kwa hiyo kiasi kidogo sana katika hewa hutosha, kidogo kidogo, kuiba nafasi za oksijeni katika damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Akiwa macho anaweza kutoka nje. Akiwa usingizini, hutoka katika usingizi na kuingia katika kupoteza fahamu bila kuvuka kizingiti chochote anachokitambua.

Jambo hili si geni kwa wakazi wa nchi za baridi za Afrika Mashariki. Katika wilaya za nyanda za juu za Tanzania na Kenya, msimu wa baridi huja na habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa na kukutwa asubuhi zimefariki. Sumu ni ile ile. Tofauti ni kwamba mkaa huitoa kwa wingi tangu mwanzo, hata ukionekana umekolea na hauna moshi, ilhali gesi huitoa zaidi pale inapokosa hewa, au pale mwale wake unapopozwa kwa kugusa chungu kilichojaa theluji au maji baridi. Ndiyo sababu makaa, yawe ya jiko au ya kuchomea nyama, hayana nafasi yoyote katika hema, hata yakiwa yanaelekea kuzimika.

<b>Kinga inayoshindwa mlimani</b>

Watengenezaji wa hita za kisasa wanaifahamu hatari hii. Hita nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya ndani zina kifaa kinachozima gesi oksijeni inaposhuka hadi kama asilimia 18 badala ya 21 ya kawaida. Utaratibu wake ni rahisi: mwale mdogo hupasha ncha ya waya maalumu, na joto hilo ndilo linaloshikilia vali ya gesi wazi. Hewa ikichoka, mwale hunyanyuka na kuiacha ncha hiyo, waya hupoa, vali hujifunga. Hita ikichezewa ili isizime, kinga hiyo haipo tena.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji huenda asiyaseme. Kwanza, kifaa hicho hakipimi kaboni monoksaidi hata kidogo. Huhisi upungufu wa oksijeni tu. Burna iliyoziba kwa vumbi au kutu inaweza kutoa sumu wakati oksijeni bado inatosha. Pili, kimetengenezwa kwa nchi za chini. Maelekezo ya mojawapo ya hita zinazonunuliwa sana Marekani yanaonya kwamba huenda ikajizima yenyewe juu ya futi 7,000, yaani kama mita 2,130. Kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, kiko mita 2,720. Kwa maneno mengine, hita yenye kinga inaweza kukataa kufanya kazi tangu usiku wa kwanza, na ile inayokubali kuwaka Barafu huenda ni ile isiyo na kinga yoyote. Katika biashara ya kukodisha vifaa, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa.

Kilimanjaro huongeza fumbo jingine. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu ndizo pia dalili za ugonjwa wa mwinuko, ambao mwongoza watalii huutarajia kwa wageni wake kila siku. Anapoambiwa na mteja kwamba kichwa kinauma, fikra yake ya kwanza haiendi kwenye jiko. Naye mara nyingi hutumia kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni ili kujua kiwango cha oksijeni katika damu. Kipimo hicho husoma rangi ya damu kwa mwanga, na hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Mtu anayekufa kwa sumu anaweza kuonyesha tarakimu nzuri kabisa.

Kinachosaidia kutofautisha ni mazingira. Ugonjwa wa mwinuko humshika kila mtu kwa wakati wake. Sumu hushika watu wa hema moja kwa pamoja. Aidha, aliyevuta sumu huweza kupata nafuu akikaa nje, kisha kichwa kikaanza tena aliporudi ndani. Mpishi anayelalamika kichwa kila jioni wakati wa kupika, ilhali amepanda mlima huo kwa miaka mingi, hana sababu ya kudhaniwa kuwa mgeni wa mwinuko.

Historia ina mfano unaojulikana. Mwaka 1934 Richard Byrd, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alikaa peke yake majira ya baridi katika kibanda kilichofukiwa ndani ya theluji ya Antaktika, umbali wa takriban kilomita 200 kutoka kambi kuu ya msafara wake. Bomba la moshi la jiko lake liliziba kwa barafu, na moshi wa jenereta ya redio uliongeza sumu. Alidhoofika kwa wiki nyingi, akilazimika kuchagua kati ya baridi na sumu, huku akiwaficha wenzake hali yake. Walioko kambi kuu walishtuka kwa sababu ujumbe wake wa redio ulianza kuvurugika. Watu 3 walimfikia mwezi Agosti mwaka huo wakamkuta hai, ingawa hoi. Byrd alikuwa mtu mzoefu na alifahamu moshi ni nini; uzoefu haukumtosha.

<b>Unyevu, mtungi na hesabu ya mzigo</b>

Hata pale ambapo sumu haikutokea, hita haimpi mwenye hema kile alichokitafuta. Kila kilo moja ya propani inayoungua huzalisha zaidi ya lita 1.6 za maji. Maji hayo hupanda kama mvuke, hugusa turubai baridi, na kurudi chini kama matone au chembe za barafu juu ya begi la kulalia. Begi la manyoya likilowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutunza joto. Hita ikizimwa, hema hupoa ndani ya dakika chache, na mtu hubaki na baridi ile ile pamoja na unyevu ambao hakuwa nao.

Mtungi nao una tabia zake. Propani huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo hutoka vizuri hata penye baridi kali. Butani huchemka karibu na sifuri kamili. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa hizo mbili, na katika nchi za joto butani huwa na sehemu kubwa. Propani hutangulia kutoka, butani ikabaki, mtungi wenyewe ukizidi kupoa kadiri gesi inavyotoka. Moto hufifia wakati gesi bado inasikika ikicheza ndani. Wengine huusogeza mtungi karibu na moto ili upate joto, kitendo ambacho hakina kisamehe. Ikumbukwe pia kwamba propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Ikivuja hujikusanya sakafuni, mahali hasa pa kichwa cha aliyelala. Ndiyo maana mtungi hubadilishwa nje, na maungio hupimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Kisha kuna uzito. Gesi haipandishwi ndege, hivyo kila mtungi hununuliwa hapa nchini na hupanda mlima mgongoni au kichwani mwa mtu. Mzigo wa mpagazi hauruhusiwi kuzidi kilo 20. Mtungi wa kilo 6 za gesi, pamoja na chuma chake, hukaribia au hupita kilo 13. Kwa uzito huo huo zingebebwa mablanketi na magodoro membamba ya kuwatosha wapagazi kadhaa, ambayo hufanya kazi usiku kucha bila kuchoma chochote.

Anayeshikilia kutumia hita, kwa mfano katika hema kubwa la kulia chakula, anapaswa kuwa na ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani, si jiko la kupikia. Huiweka mahali tambarare, mbali na kitambaa na njia ya watu, huacha uwazi chini na mwingine juu ili hewa ipite, huwa macho muda wote, na huifunga kwenye mtungi kabla mtu yeyote hajalala. King'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri hutoshea mfukoni na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya safari.

Kwa hema la kulala, njia za zamani bado ndizo bora. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hiyo godoro la sponji lina thamani kuliko blanketi la pili juu. Chupa ngumu iliyojazwa maji ya moto, ikavishwa soksi na kuwekwa miguuni, hukaa na joto kwa saa kadhaa na asubuhi huwa maji ya kunywa. Nguo zilizotokwa jasho huvuliwa kabla ya kulala, kichwa hufunikwa kwa kofia, na chakula chenye mafuta huliwa jioni ili mwili uwe na cha kuchoma usiku.

Mtu akikutwa hoi ndani ya hema lenye moto, wa kwanza kufika hufungua pande zote na kumvuta nje bila kukaa ndani, asije akawa majeruhi wa pili. Asiye na fahamu lakini anapumua hulazwa ubavu. Mtungi wa oksijeni ambao kampuni nyingi hubeba kwa ajili ya ugonjwa wa mwinuko hufaa hapa vilevile, tena mapema: kwa hewa ya kawaida mwili huchukua takriban saa 4 hadi 6 kupunguza sumu hiyo kwa nusu, ilhali kwa oksijeni safi inaweza kuwa saa moja na kitu. Baada ya hapo ni kushuka, na kufikishwa hospitali kama ile ya rufaa ya KCMC mjini Moshi. Hata aliyeamka na kusema amepona apelekwe, kwa sababu kusahau, kuchanganyikiwa na kushindwa kutembea sawasawa huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, wakati yeye na wenzake wamekwishasahau usiku ule.