Darubini ya Jua: Mjue Fundi Kabla ya Kulipa

Mwaka 2004 kampuni ya Coronado ya Tucson, Arizona, iliingiza sokoni darubini ndogo ya jua iitwayo PST, yenye lenzi ya kipenyo cha milimita 40, kwa dola 499. Kabla ya hapo, kulitazama jua katika mwanga mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656.3, kulikuwa jambo la vituo vya utafiti na wachache wenye fedha. Mwaka huohuo Coronado ilinunuliwa na Meade, jina kubwa la darubini nchini Marekani. Mwaka 2013 Meade nayo ikachukuliwa na Ningbo Sunny ya China. Desemba 2019 Meade ikaomba kinga ya mufilisi, baada ya jopo la mahakama huko California kuamua kwamba Ningbo Sunny ilikula njama na mshindani wake kuvuruga soko. Mwaka 2021 ikaangukia mikononi mwa Orion, kampuni iliyokuwa mlalamikaji katika kesi hiyo, na kufikia Julai 2024 Orion na Meade zote zilikuwa zimefunga milango. PST zingali zinatumika, lakini kiwanda chake hakipo tena. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetafuta darubini ya kupigia picha jua atazame kwanza nani ataihudumia, ndipo aulize ukubwa wa lenzi.

Bomba na lenzi ya mbele si ghali. Fedha huishia kwenye etaloni, vioo viwili vilivyosuguliwa kwa usahihi wa ajabu na kutazamana kwa upenyo mwembamba. Vikisaidiana na kichujio cha kuzuia, hupitisha utepe wa rangi usiozidi sehemu ya kumi ya nanomita. Vichujio hivi huzeeka. Wenye PST wanaijua hali hiyo: kichujio cha ndani hufanya ukungu mithili ya kutu, na jua likaanza kuonekana hafifu. Kioo cha kubadilisha si cha kuokoteza popote, na kubahatisha hapo ni kucheza na macho. Sasa pima na kalenda. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Anayenunua leo atataka chombo chake kiwe kizima hadi kilele kijacho, katikati ya miaka ya 2030.

Atasema mtu kwamba picha nzuri hutokana na lenzi kubwa, hivyo bora aweke akiba apate ya milimita 100. Hoja hiyo ina nguvu usiku. Mchana ardhi na mapaa hupata joto, hewa hutetemeka, na siku nyingi milimita 60 haiachwi mbali. Kinachomwangusha mpiga picha mara nyingi ni vipimo vidogo ambavyo matangazo huvipita haraka. Taswira ya jua huwa na upana wa karibu sehemu moja ya 109 ya urefu wa fokasi, kwa hiyo darubini ya milimita 400 hutoa duara la milimita 3.7 hivi, na ya milimita 600 hutoa 5.5. Kichujio cha kuzuia kikiwa na kipenyo kidogo, kingo za jua hukatwa. PST yenyewe iliundwa kwa ajili ya jicho. Kamera nyingi hazipati fokasi mpaka ziongezewe lenzi ya kukuza.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema usalama uko kwa kampuni kubwa. Meade ilikuwa kubwa. Lunt Solar Systems, iliyoanzishwa mwaka 2008 na mtoto wa mwanzilishi wa Coronado, ni kampuni ndogo ya kifamilia ya Tucson, na bado inauza. Sky-Watcher, iliyo chini ya kundi la Synta, nayo imeingia na Heliostar ya milimita 76. Ushindani huo naukaribisha, ingawa rekodi ya matengenezo ya Heliostar ingali fupi. Kwa mwenye darubini ya lenzi tayari, naona busara katika kichujio cha kuchomeka nyuma kama Quark ya DayStar. Kikiharibika hutumwa chenyewe, darubini inabaki nyumbani. Kasoro yake ni kwamba hukuza taswira mara 4.3, hivyo kupata jua zima katika picha moja ni shida.

Je, karatasi ya kichujio kama ya Baader ya Ujerumani haitoshi, nayo ni rahisi hivyo? Kwa madoa ya jua yatosha. Yatosha pia kwa tukio la tarehe 2 Agosti 2027, ambapo jua litafunikwa lote kuanzia Hispania hadi Luxor, Jeddah na Somalia, huku Kenya na Tanzania zikiona sehemu tu. Muuzaji asikutishe ununue etaloni kwa ajili ya siku moja. Lakini madoa yatapungua kadiri mzunguko unavyoshuka, ilhali ndimi za gesi pembezoni mwa jua huendelea kuonekana katika mwanga wa haidrojeni. Anayezitaka hizo, kabla ya kulipa amwulize muuzaji nani atabadilisha kichujio cha kuzuia baada ya miaka saba, wapi, na kwa bei gani. Asipopata jibu, atafute muuzaji mwingine.