Mfumo Ulisema Mteja Kamaliza Deni, Kumbe Bado 40,000

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawaletea kisa cha 40,000 iliyotaka kunigombanisha na kijana wangu wa boda.

Nauza nguo, mikoba na viatu mtandaoni. Oda zilipokuwa nyingi daftari likanishinda, mdogo wangu akanitengenezea mfumo kwa Python, akitumia Django. Una majedwali matatu: oda, bidhaa zilizomo kwenye kila oda, na malipo. Mteja akilipa kidogo kidogo, kila pesa inaandikwa kivyake. Nikifungua ukurasa naona jumla, alicholipa na deni. Raha tupu.

Siku hiyo dada mmoja aliagiza gauni 25,000, mkoba 20,000 na viatu 15,000. Jumla 60,000. Akatanguliza 20,000, nyingine alipe akipokea. Mfumo ukaandika: amelipa 60,000, deni 0. Nikatoa mzigo bila kuwaza. Jioni nahesabu pesa, 40,000 haipo. Nikampigia boda, nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akanijibu kwa upole, "Bosi, karatasi yako imeandika deni sifuri. Mimi ningemdai nini?"

Mdogo wangu akakaa na programu usiku ule, akaliona kosa. Alikuwa ameomba jumla mbili kwa mpigo: ndani ya annotate moja kaweka Sum ya bei za bidhaa na Sum ya malipo. Kanzidata ikiunganisha oda na majedwali yote mawili, inapanga mistari hivi:

Gauni – malipo 20,000
Mkoba – malipo 20,000
Viatu – malipo 20,000

Dada kalipa mara moja tu, lakini pesa yake imeandikwa mara tatu kwa sababu bidhaa ni tatu. Ukijumlisha unapata 60,000! Na kinyume chake kipo: mteja wa bidhaa moja akilipa kwa awamu mbili, bei ya bidhaa ndiyo inayojirudia, unamdai zaidi ya haki. Oda ya bidhaa moja iliyolipwa mara moja inatoka sawa, ndiyo maana miezi yote hatukushtuka.

Tulichojifunza:

1. Kila jumla ihesabiwe peke yake. Bidhaa kivyake, malipo kivyake, ndipo utoe deni. Django ina Subquery kwa kazi hiyo.

2. Fundi akikwambia aongeze distinct=True kwenye Sum, mkatalie. Kwenye kuhesabu idadi inasaidia, lakini kwenye pesa ni hatari: mteja akilipa 10,000 leo na 10,000 kesho, itahesabu moja.

3. Kabla ya kuuamini mfumo wowote, uwe wa kutengenezewa au wa kununua, weka oda ya majaribio yenye bidhaa tatu na malipo mawili. Piga hesabu kwa kalamu, kisha linganisha. Usijaribu kwa oda ya bidhaa moja iliyolipwa mara moja, hiyo itakudanganya.

Yule dada nilimweleza ukweli, akalipa wiki iliyofuata. Boda nilimfuata kijiweni kwake nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimtuhumu mtu kwa kosa la hesabu zangu mwenyewe.

Jaribu mfumo wako leo, kabla hujamgombeza mtu.